Ujumbe wa Wawira kwa Mama Yake

Mimi ni mzee wa kanisa, na umri nilio nao si wa kutunga uongo. Haya niliyaona kwa macho haya haya, na miwani nilikuwa nimevaa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Natoka Kanja, Embu. Mwaka juzi, kabla kahawa haijaiva, makanisa fulani ya Kanada yaliomba wazee wawili waende kuyatembelea. Mwenzangu alinyimwa viza, nikaenda peke yangu, mimi ambaye sikuwa nimewahi kupita Nairobi. Nilizungushwa mji hadi mji, nikilala katika nyumba za watu ambao ulimi wangu ulishindwa kutamka majina yao. Walinilisha, wakanivika makoti yao. Mungu awakumbuke. Lakini niamini, mtu anaweza kupendwa hivyo na bado akakaa miezi bila kusikia lugha ya mama yake, na kitu ndani yake kikaanza kunyauka.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, nilitoka nikakaa kwenye benchi la bustani karibu na nyumba ya wenyeji wangu. Huko wakati wa baridi giza huingia kabla watu hawajatoka kazini, na theluji ilikuwa imelala kila mahali. Nilitaka kuipitia safari yote mbele za Mungu kabla sijaiacha. Nikamshukuru kwa mama aliyenifulia soksi na kwa mtoto aliyenifundisha kutembea juu ya barafu. Nikamshukuru hata kwa upweke, maana ulinifundisha kuomba bila maneno.

Ndipo nikasikia Kiembu nyuma yangu.

"Baba, hiyo kofia umevalishwa na nani? Unafanana na kuku aliyenyeshewa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mwanamke wa makamo akazunguka benchi, akasimama mbele yangu. Alivaa gauni la pamba, la buluu, lenye kola nyeupe na mikono mifupi. Hakuwa na koti wala kitambaa kichwani. Nikaanza kuvua koti langu nimpe.

"Vaa, baba. Mimi sisikii baridi."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Je, wewe ungekimbia, baada ya miezi yote hiyo, ukiitwa baba kwa lugha ya kwenu?

Akaniambia anaitwa Wawira, wa Karurumo, na kwamba mama yake ni mjane anayekaa chini ya kiwanda cha kahawa. "Kesho unarudi," akasema, na mimi sikuwa nimemwambia. "Pita kwa mama. Mwambie afunge mlango wa jikoni."

"Mlango?"

"Tangu niondoke hajautia komeo usiku. Anasema nikifika usiku nisihangaike kubisha. Mwambie aufunge, alale."

"Si umpigie simu mwenyewe, binti yangu?"

Akatazama chini. "Nimejaribu, baba."

Kisha akaunganisha viganja, akaninyooshea. Kwetu, wazee wa zamani walimbariki msafiri kwa kumtemea mate kidogo viganjani. Mimi niliiacha desturi hiyo siku nyingi. Nikamwambia nitamwombea.

"Omba, lakini nibariki pia kama babu angenibariki. Nina safari."

Ningemnyimaje? Nikaomba, nikainama, nikatema mate kidogo katika viganja vyake.

Mate yalipenya viganja vyake. Yakaangukia kiatu changu.

Nilikitazama kile kiatu. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu, na kwenye theluji palikuwa na nyayo zangu tu. Mwenyeji wangu alinikuta pale pale alipokuja kunitafuta na tochi.

Nilipofika nyumbani sikupumzika, nilikwenda Karurumo. Nilimkuta mama yule uani akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Wewe mzee," akaniambia, "huko Kanja wameokoka wote mpaka uje kutafuta watu huku?"

Nikakaa. Njiani nilikuwa nimepanga mistari ya Maandiko ya kuanzia, yote ikanikimbia. Nikampa maneno ya binti yake kama nilivyopewa.

Akaweka ungo chini. "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia.

"Hilo nilimshonea mimi. La kusafiria." Akanitazama usoni. "Alikuwa amekonda?"

"Hapana, mama. Na alinicheka sana."

Akainuka, mchana ule ule, akaenda mlango wa jikoni. Komeo lilikuwa limeshika kutu, likakataa kwenda. Akaokota jiwe, akaligonga mpaka likaingia. Lilipoingia, akatoa kilio kilichowafanya majirani waruke ua.

Baadaye wenyeji wangu wa Kanada waliulizia. Ni kweli, mwanamke wa Kenya alikuwa amefariki kwa ugonjwa katika chumba cha kupanga, na jamaa zake walipokosekana, mji ukamzika. Ilikuwa kabla ya mimi kufika huko.

Mchungaji wetu anasema wafu hawarudi. Sibishani naye, tunasoma Maandiko yale yale. Ila vijana wakija kwangu kuniaga, nawaombea mikono yangu ikiwa mfukoni. Naogopa kugusa kiganja cha mtu.

Na yule mama? Sasa anafunga mlango kila jioni. Lakini halali. Aliniambia mwenyewe kwamba zamani alilala vizuri kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyempelekea maneno hayo, na Mungu anajua niliyapeleka kwa moyo safi. Kwa hiyo kila wiki naenda kukaa naye. Tunachagua maharagwe. Siku nyingine anamtaja Wawira, siku nyingine tunanyamaza tu.

Wewe unayesoma, ukikabidhiwa maneno kama haya, usiyapunguze wala usiyakalie. Yafikishe. Lakini usiyatue kwa mama wa watu kisha ukaenda zako. Vua koti, ukae. Na kesho yake urudi.