Ratiba ya Mvinyo wa Asili

Niliwanywesha wageni pombe ya posa ya dada yangu. Basi, nimesema, na hasira niliyonayo juu ya kichwa changu hiki haijapoa.

Mama anapangisha vyumba viwili hapa Karatu. Mume na mke kutoka Dar waliuliza wikendi kuna nini. Mimi wa kidato cha tatu, bingwa wa kujibu kwa simu ya mama, nikawapangia: "Asubuhi kreta, mchana shamba la kahawa, jioni mvinyo wa asili." Mvinyo wenyewe sikuwa nao! Nilikuwa na kiherehere tu.

Stoo kulikuwa na kibuyu cha pombe ya asali aliyoitengeneza bibi kwa ajili ya wazee wanaokuja Jumapili kumposa dada Paskalina. Nikasema nachota kidogo. Wale watu wakanywa kama wamekimbizwa na tembo, wakaomba tena! Nikajaza maji kibuyuni, nikafunga.

Jumapili mzee wa upande wa muoaji akaonja, akatema. "Hii nyumba inatudharau? Nyanyukeni, twende!" Dada akaanza kulia. Hapo hapo yule mgeni wa kike, mdomo wake sitausamehe, akanipungia mkono kutoka barazani: "Kijana wa mvinyo! Ule wa jana umebaki?"

Mama akanigeukia.

"Kaeni, wazee wangu, mwenye kosa ni huyu. Na wewe, andika ratiba nyingine: asubuhi unatafuta asali, mchana unawapigia magoti wazee hawa, jioni unalala njaa."