Pikipiki ya Baba na Taa ya Mviringo

Kiangazi kizima kile familia yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Ukipiga simu kumjulia hali mama, ni pikipiki. Ukiuliza alizeti imevunwa kiasi gani, ni pikipiki. Pikipiki ya baba ilikuwa imekufa, safari hii kweli, na fundi wa Sepuka, kijijini kwetu, aliyeifufua miaka yote alikuwa amesema hataki tena kuiona uani kwake.

Baba yangu ni bwana mifugo mstaafu. Amepita miaka sabini lakini bado anakwenda shamba, anakwenda mnadani Ikungi, anaitwa kwenye maboma ng'ombe wakiugua ingawa serikali ilishamuaga. Mimi na mdogo wangu tukakubaliana tumnunulie pikipiki mpya. Mdogo wangu yuko Dodoma, mimi nafundisha Singida mjini, kwa hiyo kazi ya kuchagua ikaniangukia. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja.

Kwenye duka la pikipiki karibu na stendi kulikuwa na mbili zilizolingana na mfuko wetu. Bei zao zilikaribiana kiasi kwamba bei peke yake haikuweza kukata shauri. Ya kwanza ilikuwa mpya iliyotengenezwa ionekane ya zamani: taa ya mviringo, tangi lililovimba kama nundu ya ng'ombe, siti moja ndefu iliyoshonwa mistari, eksozi inayong'aa. Ya pili ilikuwa ya michezo, ya kisasa, imevikwa maplastiki meusi na mekundu mwili mzima, uso umechongoka kama mdudu mwenye hasira.

Nilizichunguza zote mbili kwa makini, kwa sababu mdogo wangu hakuniacha nipumue. Kila jioni alinitumia ujumbe wa sauti. "Kaka, angalia breki. Ya michezo ina diski mbele na nyuma. Hiyo ya kizee ina diski mbele tu, nyuma lainingi." Kweli. "Kaka, angalia shokapu za mbele, nene vile." Kweli pia. "Kaka, hiyo ya kizee bado ina kabureta. Kabureta, mwaka huu?" Nikamjibu kwamba kabureta anaifungua fundi yeyote chini ya mti kwa bisibisi moja, na kwamba ile ya michezo inapuliza mafuta kwa umeme, ina rejeta ya maji, ina kioo cha tarakimu badala ya mishale, na siku kimoja kikigoma Sepuka nzima hakuna wa kukigusa. Nikamwambia ya zamani ina kiki, betri ikifa unapiga mguu unaondoka. Nikamwambia siti ndefu inabeba mtu na gunia. Ya michezo siti ya nyuma ni kipande cha sponji kisichotosha hata kikapu.

"Sasa wewe unamnunulia baba au unamnunulia gunia?" akauliza.

Nilizima simu. Lakini kitu nilichokiona mwenyewe na sikumwambia ni kwamba ile ya zamani nayo ilikuwa na uongo wake. Ukiinama chini, uzamani wote ulikuwa wa juu juu. Madigadi ya mbele ilikuwa bati jembamba linaloita ukiligonga kwa ukucha. Kifuniko cha betri kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya chuma. Muuzaji alinisifia "uimara wa enzi zile", na mimi nilikuwa nimeshika kioo cha pembeni kinachocheza mkononi kama jino bovu. Hata hivyo nikaichagua. Sababu yangu ilikuwa moja, na sikuipima kwa bisibisi. Ilifanana na ile ambayo baba aliendesha nilipokuwa mdogo, ya idara ya mifugo. Bado naiona inaingia uani jioni, mama anatoka jikoni na maji ya kunawa. Niliona nitamrudishia baba kitu.

Nikamwita mjini bila kumwambia nimechagua nini. Alikuja amevaa koti na kofia yake ya mnadani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akamwamkia shikamoo, akaivuta pikipiki ya zamani hadi mlangoni na kulifuta tangi kwa kitambaa.

Baba akaizunguka. Akaligonga tangi. Mimi nikawa nimeanza kutabasamu.

"Hii ni ile ile," akasema.

"Ndiyo, baba. Inafanana nayo kabisa."

"Kwa nini?"

Sikuelewa swali. Nikaanza kumweleza kuhusu kiki, kabureta na vipuri vinavyopatikana kila kijiji. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mfugaji anayemweleza ugonjwa ambao ameshautambua kwa macho.

"Mwanangu," akasema, "unajua nimeisukuma hii mara ngapi?"

Kisha, palepale mlangoni mwa duka, muuzaji akiwa ameshika kitambaa, akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Mwaka mmoja homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeingia vijijini. Alipewa chanjo kwenye sanduku la barafu, akalifunga kwenye keria, akaondoka kwenda kwenye maboma yaliyokuwa yakimsubiri. Njiani pikipiki ikazima. Alipiga kiki hadi ngozi ya kisigino ikachubuka. Alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga, ikawaka kidogo, ikazima tena. Akaisukuma kwenye kichanga, jua likiwa la utosini, huku akisikia maji ya barafu yakichuruzika kutoka kwenye sanduku. Alipofika, wafugaji walikuwa wamekwisha kukusanya mifugo yao yote tangu asubuhi. Akafungua sanduku mbele yao, akagusa chupa. Zilikuwa za moto kama chai. Ikabidi azimwage chini wakimtazama.

"Waliniambia ninaficha dawa nikauze kwingine," akasema. "Wengine, ng'ombe wao walikufa. Mmoja hakunisalimia tena hadi alipozikwa."

Muuzaji akaacha kufuta tangi.

"Ninyi mlikuwa mnaiona ikiingia uani," baba akaniambia. "Mlikuwa mnapiga makofi. Mimi nilikuwa nashukuru imefika." Akaigeukia ile ya michezo iliyosimama nyuma. "Hii inawashwa kwa kitufe?"

"Ndiyo, mzee. Kitufe tu," akasema muuzaji.

"Breki?"

"Diski pande zote mbili, mzee."

Nilijua kinachokuja na sikuwa na nguvu ya kukizuia. Baba akavua kofia, akaipanda pikipiki. Usukani ulikuwa chini na mbali, vikanyagio vilikuwa juu na nyuma, kwa hiyo mzee wa miaka sabini na kitu akajikuta amelalia tangi kifua chini, magoti yamemkaribia viwiko, koti limepanda mgongoni. Nikamwambia, baba, mgongo wako. Akasema mgongo wake anaujua. Nikamwambia, mama atakaa wapi? Akageuka akautazama ule mkia ulioinuka, akasema mama atazoea.

Mdogo wangu alicheka kwenye simu hadi akakohoa. Nilimwambia aje aiendeshe yeye hadi Sepuka, akasema ana kazi.

Baba akaiendesha mwenyewe, na mimi nikakaa nyuma, kwa sababu mama alikuwa ameniambia nisimwache aende peke yake na mashine asiyoijua. Kwenye lami sikuwa na neno, ilikuwa tulivu, haitetemi. Lakini nilikuwa nimekaa juu kuliko dereva, sina pa kushika ila mabega ya baba yangu mzazi, na kila akigusa breki nilimwangukia mgongoni. Tulipoacha lami, tairi zake za lami zilianza kuogelea kwenye kichanga. Nikasema, "Baba, polepole." Akasema yuko polepole. Nikasema, "Baba, kushoto." Akaenda kulia, na hapo gurudumu la mbele likajikunja, tukalala chini pamoja taratibu, kama ng'ombe wawili waliochoka.

Hatukuumia. Plastiki ya upande mmoja ilipasuka kuanzia taa hadi kwenye goti, na indiketa ikabaki inaning'inia kwa waya. Baba akajikung'uta, akaitazama.

"Breki ni nzuri," akasema.

Mwaka huu wote sijasikia sentensi iliyonichosha kuliko hiyo.

Fundi wa Sepuka alisema ile plastiki haipo Singida, labda iagizwe Dar es Salaam, na bei yake ilinifanya niulize mara ya pili. Baba hakutaka kuagiza. Akamwambia fundi azitoe zote. Nilipokwenda kuwasalimia baada ya wiki chache, nilikuta mashine imevuliwa nguo, rejeta na mabomba viko wazi. Nilipokwenda tena, usukani ulikuwa umebadilishwa, umewekwa mpana wa kuinuka, kama ule wa pikipiki za kubebea mkaa. Kisha zikaja tairi za meno. Kisha fundi akachomelea keria ya nondo juu ya ule mkia, na mbele ya keria akafunga siti ndefu iliyotoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa. Mama akakubali kupanda. Mdogo wangu alipoona picha aliandika neno moja tu kwenye kundi letu la familia: "Mmeiua." Nikamjibu kwamba mimi sijashika spana yoyote.

Lakini lazima niseme ilikwenda. Ilipita mashimo ambayo ile ya zamani ingemwaga nati zake, ilisimama kwenye tope ukigusa breki tu, na asubuhi ya baridi ya Juni iliwaka kwa kitufe wakati majirani wakipiga kiki na kuzungumza peke yao. Baba alianza tena kubeba dawa za mifugo kwenye keria. Niliposikia hivyo nikaacha kabisa habari za taa za mviringo.

Ikaendelea hivyo hadi mvua zilipoanza. Siku moja niko darasani simu ikaita mara tatu mfululizo. Nikatoka nje, nikijua ni msiba.

"Imezima," baba akasema.

Alikuwa ameweka petroli ya kwenye chupa, ile inayouzwa vibandani barabarani, na ilikuwa na maji na uchafu. Fundi wa Sepuka alikuwa ameizunguka tangu asubuhi bila kujua aanzie wapi. Kioo cha tarakimu kiliwaka taa ya njano ambayo hakuna aliyejua maana yake. Kiki ya kupiga haikuwepo.

"Wewe," baba akasema, "ulinichagulia pikipiki gani hii?"

"Baba, mimi nilichagua ile nyingine."

"Wewe ndiye uliyenipeleka dukani."

Nyuma yake nilimsikia mama akimwambia kitu kwa Kinyaturu, kisha wote wawili wakacheka, na sikuambiwa ni nini. Nikawapa wanafunzi zoezi, nikaenda stendi kutafuta pikapu ya kuibeba.