Kamera Niliyoikataa Funguni

Hili lilinitokea mimi. Sisemi "nasikia", wala sisemi "wazee walisimulia". Ni mimi, kwa macho yangu, mchana, jua likiwa juu ya utosi na akili yangu ikiwa mahali pake. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana watu wa Mlingotini wamekwisha cheka kabla yako na mimi sikubadili hata neno moja.

Mimi si msemaji. Mbele ya watu ulimi wangu hulala. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kuandika naandika polepole, neno hili nalimaliza ndipo nalianza lile. Lakini karatasi hainikatizi wala hainitazami usoni, basi leo nitasema yote.

Mwaka ule, bado tuko chini ya Mwingereza, alikuja Mzungu mmoja kutoka Dar es Salaam kupumzika. Akapanga nyumba Bagamoyo mjini, na kila asubuhi akija kwetu Mlingotini, mjomba wangu Sefu ampeleke baharini. Kwenda kufanya nini? Kuzamia. Sisi tulidhani anatafuta kome, au majongoo ya bahari wanayopenda Wachina. Kumbe anazamia kutazama samaki tu, halafu anawaacha! Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu anakwenda sokoni kutazama nyama, arudi nyumbani ale majani."

Mzungu huyo alikuwa na miwani ya kioo inayofunika uso mzima, na viatu vya mpira kama miguu ya bata. Lakini kitu chake hasa kilikuwa kamera ya kupigia picha chini ya maji. Kamera yenyewe ilifungiwa ndani ya sanduku la shaba, mbele lina kioo cha duara, pembeni limezungushiwa mpira maji yasiingie. Alilibeba sanduku lile kama mama abebavyo mtoto wa siku arobaini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu najua kuzamia tangu utotoni na najua pango gani lina samaki gani. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha njia, na kulipokea sanduku anapopanda chomboni.

Siku ya msiba wangu bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Mzungu akatokeza kichwa, akanyoosha sanduku, akasema, "Shika." Nikanyoosha mikono. Wimbi likainua mtumbwi, na yeye akaachia kabla vidole vyangu havijagusa shaba. Niamini, havikugusa. Sanduku likazama ukingoni mwa mwamba mbele ya macho yetu sote. Nilizamia mpaka masikio yakauma. Yeye akazamia. Hatukuona kitu. Mkondo ukazidi nguvu, tukarudi.

Pwani, mbele ya watu, Mzungu akaninyooshea kidole. "Wewe ficha chini ya maji. Mimi kuondoka, wewe kuja chukua, peleka kuuza kwa Mhindi. Kesho jioni, hapana sanduku, mimi kwenda boma, kwa polisi."

Ningesema mengi. Nilisema moja tu, "Sikuficha," tena kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Vijana wenzangu wakaanza palepale. "Bwana Kamera! Hebu tupige picha na sisi!" "Msimcheke, ni tajiri huyo!" Hayo nisingeyajali. Lakini mjomba, ndugu wa mama yangu, aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, akanivuta pembeni akasema taratibu, "Mwanangu, sema tu ulikoliweka. Mimi nitalileta, nitasema nimeliokota. Hakuna atakayejua."

Ungejisikiaje wewe? Nilikwenda nyumbani nikageukia ukuta.

Asubuhi nilimwomba mjomba mtumbwi wake mdogo. Akanipa bila kuniuliza, maana alidhani nakwenda kulitoa nilikolificha. Mama akanifungia muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu kwenye jani la mgomba. Akasema, "Tafuta mpaka utosheke. Ukikosa, rudi. Mimi nakujua." Maneno hayo niliondoka nayo.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali sana. Nilizamia ukingo ule wote, bila miwani, macho yakawa mekundu kama pilipili. Jua lilipopanda, fungu la mchanga karibu na mwamba likajitokeza lote, jeupe, kavu. Nikavuta mtumbwi juu ya mchanga, nikaegemeza kafi, nikakaa nile kidogo nipate nguvu ya kuendelea.

Nimeshika kipande cha kwanza, nikaona mtu anakuja akitembea kutoka upande wa pili wa fungu.

Sasa wewe utaniuliza: alitoka wapi? Pande zote ni bahari, na chombo ni changu peke yake. Swali zuri, lakini mimi sikujiuliza, kwa sababu mdomo ulitangulia. Unajua tulivyolelewa. Pwani yetu mtu hapeleki tonge kinywani mwenzake akipita bila kusema karibu. Hata awe adui yako. Na mpitaji husema, "Starehe," akaenda zake. Ndivyo ilivyo. Ni adabu tu, wala hakuna anayetarajia kulishwa.

"Karibu," nikasema.

Hakusema starehe. Akakaa.

Alikuwa kijana wa rika langu, amejifunga kikoi, uso mzuri. Akakata muhogo bila bismillahi. Akatafuna papa pamoja na ngozi yake ngumu. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Kaa wadogo wote waliokuwa wakikimbia mchangani walikuwa wameingia mashimoni, hata mmoja hatoki. Na macho yake hayakupepesa. Nilingoja yapepese. Wewe umewahi kumwona samaki akifumba macho?

"Chakula kizuri," akasema, "ila mmetia chumvi nyingi."

Mtu yuko katikati ya bahari, analalamikia chumvi! Siku nyingine ningecheka.

"Unatafuta nini tangu asubuhi, ndugu yangu?"

"Sanduku la Mzungu."

"Lile lenye jicho moja?"

"Hilohilo."

"Ninalo."

Akapeleka mkono nyuma yake, kwenye kidimbwi kisichofika hata kifundo cha mguu, akatoa sanduku zima, linachuruzika maji, kioo hakina hata ufa. Moyo wangu uliruka kama umepata mbawa. Akaliinua machoni, kama alivyokuwa akifanya Mzungu, akasema, "Nipe kipande kingine." Nikanyoosha mkono wenye muhogo. Nikasikia sanduku limelia, tak.

"Nipe, ndugu yangu," nikasema. "Wananiita mwizi."

"Nitakupa mbele ya watu wote. Nitasema mimi ndiye niliyeliokota, nawe ni mkweli. Watakuamini, mimi huaminiwa." Akalipangusa kwa kikoi chake. "Lakini umenikaribisha, nimekula. Sasa mimi ni mgeni wako. Mgeni hurudi na mwenyeji wake. Twende kwenu nikamwamkie mama."

Kumbe hakutaka muhogo. Alitaka mlango.

Na usidhani nilikuwa shujaa. Sanduku lilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono tu, na jina langu lote limo ndani yake. Moyoni nikamwona mjomba akinitazama tena kama mpwa wake. Nikawaona wale vijana wamenyamaza. Halafu nikamwona mama yangu barazani, anatia mchele kwenye ungo, na huyu kakaa karibu naye, macho hayafumbi.

Ulimi wangu, ambao hulala mbele ya watu, uliamka mbele ya asiye mtu.

"Karibu yangu ilikuwa ya chakula," nikasema. "Haikuwa ya nyumba. Umekula, umeshiba. Kwetu hufiki."

"Anayekaribisha hafungi mlango."

"Kwetu kuna msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe sitangoja siku ya tatu. Ukikanyaga tu nyumbani nitakutia jembe mkononi."

Akarudi nyuma kidogo, maana wasio watu hawapatani na chuma. "Jembe la chuma?"

"Ulidhani la unga?"

Uzuri wa uso wake ulibaki, lakini haukuwa tena na mwenyewe ndani. Akasema polepole, "Bila mimi, hakuna sanduku. Watakuita mwizi mpaka utakapozikwa."

"Waniite."

"Mjomba wako atakuita mwizi."

"Aniite! Bora niitwe mwizi na mama yangu alale salama!"

Nilipiga kelele. Mimi! Nikaacha jani, muhogo na papa, nikausukuma mtumbwi majini. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mjomba ikiniita jina langu, kisha sauti ya mama, imejaa kilio. Nilijua mama hajui hata kupanda mtumbwi. Sikuitika, sikugeuka. Nilipiga kafi mpaka viganja vikachubuka.

Pwani walinisubiri. Mzungu akauliza, "Liko wapi?"

"Nimeliona," nikasema, "nikalikataa."

Basi kikawa kicheko. Sikungoja wamalize.

Mjomba akamwomba Mzungu asiende boma kwanza; kesho yake maji yalipokupwa wakaenda wawili wenyewe. Wakalikuta sanduku juu ya fungu, limewekwa vizuri pembeni ya jani langu la mgomba. Utasema nini? Kila mtu alisema neno hilohilo: kijana aliogopa boma, akalirudisha. Mama peke yake ndiye hakusema. Mzungu akachukua sanduku lake akarudi Dar es Salaam, na mimi nikabaki na jina.

Haikupita muda mrefu akarudi, anacheka, ameshika picha. Alikuwa ameisafisha ile filamu huko mjini. Mbele ya watu wote akanipiga bega. "Wewe mwizi mzuri! Picha hii, nzuri kuliko zote. Wewe umefanyaje?"

Nikaitazama. Ni mimi, nimekaa juu ya fungu. Lakini niko chini ya maji. Nywele zangu zinaelea. Mapovu yanapanda kutoka mdomoni. Samaki wadogo wenye mistari wamezunguka muhogo ulio mkononi mwangu, na mkono umenyooka kumpa mtu aliyeshika kamera.

"Likizo nyingine, wewe kufanya kazi na mimi," Mzungu akaendelea. "Wewe kula chini ya maji, mimi kupiga picha. Ile habari ya kuiba, mimi nasamehe. Imekwisha."

"Shukuru, mwanangu," mjomba akasema, amefurahi. "Shukuru, umesamehewa."

Watu wakangoja nishukuru. Nilisikia ulimi unataka kulala tena. Nikaukataza.

"Sishukuru," nikasema. "Anayesamehewa ni mwizi. Mimi sikuiba. Kazi yako siitaki, na msamaha wako urudi nao."

Mzungu akauliza, bado nusu anacheka, "Basi nani amepiga picha?"

"Mgeni niliyemkatalia kwetu."

Mmoja akaanza kucheka, lakini mjomba alikuwa ameichukua picha. Aliitazama mara ya kwanza kwa haraka, kama watu wote. Kisha akaisogeza karibu na macho. Nyuma yangu pale pichani kulikuwa na mtumbwi wake, ule mdogo, umekaa juu ya mchanga, kafi imeegemezwa, na samaki wanapita ndani yake. Mjomba aliuchonga mtumbwi ule kwa mikono yake. Haujazama hata siku moja, na siku ile nilimrudishia mkavu, yeye mwenyewe akiupokea.

Akamrudishia Mzungu picha. Jioni alikuja kwetu, akakaa barazani, akaniinamishia kichwa, yeye mkubwa na mimi mdogo. "Nilikukosea," akasema. Hayo tu yalinitosha. Mtumbwi ule hajaushusha majini tena mpaka leo. Uko pwani, unaliwa na mchwa, na hakuna mtu anayeomba kuuazima.

Wengine bado huniita Bwana Kamera. Waache.

Lakini hayakuishia hapo, na ndiyo sababu naandika. Siku za bamvua, jua likifika utosini, mlangoni kwetu hupigwa hodi. Sauti ni ya kijana, ya adabu kabisa. Mama haitiki, anaendelea na kazi yake. Mimi husimama nyuma ya mlango, na neno "karibu" silisemi. Nasema, "Ulikwisha kula." Basi huondoka. Wakati mwingine huacha maji kizingitini.

Wapo walionishauri nihame, wengine wakaniambia niache kukaribisha watu ninapokula. Sihami, wala siachi. Siwezi kutupa adabu niliyofundishwa na mama kwa ajili ya kiumbe mmoja asiye na adabu. Nawe usiache. Sema karibu, lakini sikiliza jibu. Asiyesema starehe wala bismillahi, mwachie chakula chote, uinuke. Na ukiona ameshika mkononi kitu unachokitaka kuliko vyote, muulize kwanza anataka kuingia wapi. Kama ni nyumba anayolala mama yako, mwache abaki na kitu chake. Utarudi mikono mitupu na watu watakuita jina baya. Wakuite mpaka wachoke, wewe nenda kale na mama yako.