Siku Athieno Aliposema, "Ni Mimi"

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomsukuma mjukuu wangu kwa baiskeli hadi hospitalini Tororo, mimi kikongwe, yeye msichana anayesomea udaktari. Usicheke. Miguu hii imevusha magunia ya mahindi pale mpakani Malaba miaka mingi.

Ulikuwa wakati wa korona. Chuo kilifungwa, Athieno akarudi nyumbani na vitabu vyake. Hata hajapumzika, akatupiga marufuku kula pamoja. Sisi huku tunazunguka bakuli moja la mboga, ugali wa wimbi katikati, kila mkono unamega. "Nyanya, mtaambukizana," akasema. "Kila mtu na sahani yake." Nikanuna, haki ya Mungu! Kula peke yangu kama mgeni asiyeaminika? Lakini mtoto kasoma, nikatii.

Basi sahani hizo ndizo zilizomtoa hadharani. Kwenye bakuli moja, nani angejua nani amekula na nani amegusa tu? Sasa za wengine zinarudi tupu, ya Athieno inarudi ilivyokwenda. "Nimeshiba, Nyanya." Kesho yake, "Nilikula mchana." Majirani wanamsifu ati amependeza, kama wale wa kwenye televisheni. Wee! Mimi niliyemwogesha akiwa mchanga nilimtazama nikaogopa.

Nikamwita jikoni, nikamuuliza bila kupayuka. Akalia. Akasema darasa limehamia kwenye simu, mitihani haijulikani lini, watu wanakufa, na yeye hana analoliweza duniani ila kujinyima chakula. Mwanzoni alijiona ana nguvu. Sasa hata akitaka kula, hofu haimruhusu. "Lakini usinipeleke hospitali, Nyanya. Watasema huyu ni daktari wa namna gani?"

"Mganga hajigangi," nikamwambia. "Kavae viatu."

Magari yalikuwa yamezuiwa, na boda boda haziruhusiwi kubeba mtu. Nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli ya babu yake, nikasukuma. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatusimamisha, akanitazama nilivyokuwa nahema, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mama, nakwenda wapi? Mgonjwa iko wapi? Ni wewe?"

Ningesema ndiyo, nina presha, tukapita, na aibu yake ikabaki imefichwa. Kinywa nilishakifungua. Ndipo Athieno akashuka, akasema kwa sauti iliyosikiwa na kila aliyekuwepo: "Si yeye. Ni mimi. Naogopa kula. Nakwenda kutibiwa."

Mwanangu, nimesikia vigelegele vya harusi, nimesikia kwaya za Pasaka, sijasikia sauti tamu kuliko ile. Askari hakucheka. Akafungua njia, akasema, "Pita, dada. Upone." Nami nikapiga kigelegele palepale barabarani, barakoa ikashuka hadi kidevuni.

Sikudanganyi kwamba alipona kesho yake. Daktari, mshauri, miezi ya kwenda na kurudi, wiki nzuri na wiki mbaya, siku nyingine tonge moja lilitutoa jasho sote. Lakini alisimama! Chuo kilipofunguliwa akarudi, akamaliza, na leo ni daktari. Wanafunzi wanaomjia kwa kificho, wenye shida kama yake, huwaambia waziwazi, "Hata mimi niliugua." Nao humwamini.

Basi nisikilize, wewe unayejifungia na vitabu ukiutesa mwili wako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kuogopa chakula si ushujaa, wala si upumbavu, ni ugonjwa, na una tiba. Mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie, kisha uende kwa wanaojua kutibu, na usione haya kwamba wewe mwenyewe ndiye utakayetibu wengine. Na wewe unayeishi na mtu wa namna hiyo, usimsifie kukonda, wala usimshindilie chakula kwa makelele. Muulize taratibu, umsikilize, umsindikize.

Mungu akufungue kinywa, mwanangu, kwa neno na kwa tonge. Akupe umri mrefu, uwazike wazee wako, na mimi niwe wa kwanza. Sisi wazee tusikuzike wewe.