Mgongo wa Bi Somoe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia najikuta natazama chini. Nakusimulia kwa kuwa nawe sasa una kamera, na jana nilikusikia ukimcheka mwenzio kwa ajili ya kamera yake.

Zama za Mwingereza nilikuwa na duka la picha Lindi, nyuma ya soko. Kamera yangu ilikuwa ya Kijerumani, niliyouziwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Ee bwana, nilivyojisikia! Niliivaa shingoni hata nikienda kununua dagaa, mara nyingi bila filamu ndani, maana filamu zilitoka Dar es Salaam na zilichelewa. Msikitini niliiweka mbele yangu, na Mungu anisamehe, ziko sala ambazo akili yangu yote ilikuwa kwenye lenzi.

Sokoni alikuwapo mpiga picha mwingine, Bakari, mwenye kamera ya sanduku iliyofungwa kwa kamba. Watu walimpenda. Aliwasimamisha juani, wima, macho mbele, kisha picha ikikauka aliipaka rangi kwa brashi: kanga nyekundu, midomo myekundu, hata ya wanaume. Mimi nilisema sanduku lile linafaa kutagia kuku. Mteja akiniomba rangi, nilimjibu kwamba rangi ni za watu wasiojua kuona, na kwamba picha ya kweli ni nyeusi na nyeupe, tena kivuli kiwe kingi. Nani aliniambia hayo? Hakuna. Niliyatunga mwenyewe, nikayaamini.

Basi wakaja Mzee Ismaili na mkewe, Bi Somoe, kutoka Kiswere. Walikuwa wanakwenda Hija. Maisha yao yote waliingoja safari hiyo, na boma la serikali lilitaka picha zao za pasi za safari. Kijijini walikwisha kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama ilivyo ada ya anayekwenda Makka, na walikwisha kusomewa dua. Zilibaki sura zao tu kwenye karatasi.

Shikamoo yangu niliitoa huku nimefumba jicho moja, napima mwanga. Mzee nikamkalisha kando ya dirisha hadi upande mmoja wa uso ukazama gizani. Bi Somoe nikamgeuza aangalie ukuta, kwa sababu mikunjo ya buibui lake ilinipendeza. Walipokuja kuchukua picha, mama wa watu aliishika yake, akaigeuza, akatazama na nyuma ya karatasi.

"Baba, mbona mimi simo?"

"Umo, bibi. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Kamera nyingine za hapa haziwezi."

Akaamini. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba waliniamini.

Mchana ule ule wakarudi, mzee akihema. Karani wa boma alikuwa amezikataa.

"Anasema mimi ni nusu ya mtu, na mwenzangu ni mgongo," mzee aliniambia. "Anauliza nusu iliyobaki itasafiri na nani."

Karatasi za mahujaji zilikuwa zinaondoka na meli jioni hiyo kwenda Dar es Salaam, na Bakari alikuwa amekwenda kijiji cha Mtama kwenye arusi. "Tupige tena, mwanangu, hapo mlangoni tu, juani. Nakuomba."

Muda ulitosha. Filamu ilikuwamo. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia jua la mchana linaua kivuli, na mimi sipigi picha za namna hiyo. Waje kesho asubuhi.

Meli iliondoka bila karatasi zao. Mahujaji wa mwaka ule wakaenda, na wao wakarudi Kiswere, kwenye milango ile ile walikokwisha kuaga. Watoto wakampachika mzee jina, Haji Nusu. Na kabla mwaka haujaisha, Bi Somoe akafariki.

Msimu uliofuata Mzee Ismaili aliingia dukani kwangu peke yake. Alikuwa na picha aliyopigwa na Bakari, masikio yote mawili yanaonekana. Nikajua amekuja kunitukana, nikajiandaa. Akanishika mkono.

"Nasafiri, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Mwaka mzima nimekuwa na kinyongo nawe moyoni. Nisamehe."

Na mimi, sijui nilikuwa mtu wa namna gani, nikajibu, "Nimekusamehe, mzee."

Akashukuru, akatoka. Mimi ndiye niliyesamehe! Nilibaki nimesimama na kamera shingoni, uso unaniwaka. Alihiji, akarudi, wakampokea kwa dufu; mimi nilifunga duka nikajificha. Nikasema nitakwenda Kiswere wiki ijayo, kisha ijayo, hadi ikanifikia habari ya mazishi yake. Hapo nikaenda. Ukutani walikuwa wametundika picha ya Bakari, na kando yake mgongo wa Bi Somoe, kwa kuwa hakuacha picha nyingine. Mjukuu wake mmoja akaniuliza kama namkumbuka bibi yake, sura yake ilikuwaje. Nilijaribu, mwanangu. Sikuweza, maana siku ile sikumtazama.

Basi nakuusia hivi. Mtu akisimama mbele ya kamera yako, mtazame yeye kwanza, umuulize picha anaitakia nini, umpigie hiyo. Kamera ya mwenzio usiicheke, hata ikiwa imefungwa kwa kamba. Na ukimkosea mtu, nenda mapema ukamwombe radhi. Usimngoje aliyekosewa aje kukuomba wewe. Nimeomba kaburini, na kaburini hakuna anayenijibu.

Mungu akupe jicho linaloona watu na moyo usioona haya kusema nisamehe, na kila utakayempiga picha, wajukuu zake wamwone uso. Amina.