Theluji Juu ya Paa la Sirkka

Sirkka Hyvönen, mpishi wa shule katika mji wa baridi kali wa Iisalmi, alikuwa na paa la kumtia aibu. Theluji ikianguka, mapaa ya majirani yalibaki meupe kama maziwa. La kwake liliyeyusha yote likabaki jeusi tii. Baba yake, mzee Taavetti, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, alijivunia weusi huo. Paa tupu, alisema, ni dalili ya nyumba yenye moto. Jirani yao Urpo aliliona kwa jicho jingine.

"Kunguru wa mtaa mzima wanakusalimu, Sirkka. Wanasema kwako hawakosi pa kuota joto."

Tangu avunjike nyonga, mzee alikuwa akikaa kwenye makao ya wazee. Alitamani kurudi kwake, lakini alikuwa na sharti: hatalala tena kwenye vile vyumba vilivyobaki baridi licha ya jiko la kuni na tangi la mafuta, wala hatakubali binti yake apasue kuni alfajiri ndipo aende kupikia watoto wa watu. Kabla ya Krismasi angekuja siku moja aionje nyumba. Akihisi baridi, asiulizwe tena.

Basi Sirkka akaamua kuifumua nyumba na kuitengeneza upya. Aliagiza mtambo wa kuvuta joto kutoka chini ya ardhi, mkubwa kuliko yote, akidhani baridi hushindwa kwa nguvu.

Kisha ikafika Alhamisi, siku ya supu ya njegere. Sirkka alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya shule, mvuke ukimpanda usoni. Alipoifunika, supu ikatokota kwa fujo, naye akapunguza moto. Mwiko ukabaki hewani. Mpishi gani huongeza moto chini ya sufuria isiyo na kifuniko? Kumbe miaka yote ile joto lilitorokea darini likayeyusha theluji ya paa, nao walikuwa wakichoma mafuta yaliyochimbwa nchi za mbali ili kuyapikia mawingu! Hakungoja hata watoto wamalize kula. Alimpigia fundi simu, akaufuta ule mtambo mkubwa. Kwanza dari izibwe, akasema, kisha ndipo tupime upya.

Majirani walikuja kusaidia, kama desturi. Walijaza dari magazeti yaliyosagwa ya kuzuia joto lisitoke, tabaka nene hadi magotini, na Urpo akashuka akiwa na mvi za vumbi, akisema amemeza habari zote za mwaka juzi na bado hajaona ya maana. Vipimo vipya vilipotoka, mtambo uliotakiwa ulikuwa mdogo, wa ukubwa wa jokofu. Ikaja mashine ya kutoboa mwamba. Vikombe vikacheza kabatini, tope la kijivu likaruka uani, na mtaa mzima ukasimama na kahawa mkononi kutazama kisima kisichotafuta maji. Mabomba yakatandazwa chini ya sakafu, ili joto la mwamba lipande taratibu. Tangi la mafuta lilipopakiwa kwenye lori, Sirkka alilipungia mkono. Jiko la matofali la baba yake hakuligusa. Lingefaa umeme ukikatika.

Siku ya mzee ikafika, na theluji nzito. Teksi ilisimama mlangoni, lakini Taavetti hakushuka. Alikuwa ameinua macho juu. Paa jeupe pe! Bomba la moshi nalo, kimya.

"Umeniita kwenye nyumba iliyokufa," akasema. "Dereva, geuza gari."

Hilo Sirkka hakuliwaza kabisa. Akaushika mlango wa gari.

"Baba, ingia tu uvue viatu. Ukihisi baridi nitakurudisha mimi mwenyewe."

Mzee akaingia akinung'unika, akavuliwa viatu, akasimama na soksi zake za sufu. Akahamisha mguu mmoja, kisha wa pili, kama anayetafuta mahali palipofichwa moto.

"Nivue na soksi."

Sirkka akapiga magoti, akamvua. Nyayo za mzee zikatulia juu ya mbao. Alitazama dirishani, kwenye rundo la kuni lililofunikwa theluji kando ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke.

"Na zile kuni?"

"Zipo zote, Baba."

"Basi zote ni za sauna," Taavetti akasema. "Kaiwashe. Na yule dereva mwambie aende zake."