Pardon, Shefu

Kwao, mtaani Kamalondo, katika nyumba ya watu wa asili ya Maniema, Amida alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba sauti ya mwanamke isimtangulie mlangoni. Akakua akiomba radhi kabla ya kusema. Mwaka wa sabini aliingia kazini na sauti hiyo hiyo, kupokea simu katika kampuni ya malori ya kubeba shaba, na watu wakamsifu kwa adabu.

Asubuhi moja simu ikalia kutoka barabara ya Kasenga. Lori limepinduka, utingo Mwaba amebanwa miguu, gari la wagonjwa litumwe. Mwenye ruhusa ya kulituma alikuwa mkuu wao, Yuma, naye alikuwa na wageni. Amida akasimama mlangoni.

"Pardon, shefu. Kama uko na nafasi, pengine kuko kintu kidogo barabarani."

Yuma akampungia mkono bila kugeuka, akaendelea kucheka na wageni. Amida akarudi kitini, akaja tena, akaomba radhi tena. Gari lilipoondoka jua lilikuwa limepanda. Mwaba alipona, lakini mguu mmoja ulikatwa.

Lawama ikamwangukia Amida. Alijitetea kwamba alieleza mara mbili. Yuma akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma.

"Wewe ulisema kintu kidogo."

Amida akaapa moyoni kutosema vile tena. Mvua zilipokuja, akaletewa habari kwa simu kwamba daraja limefunikwa na maji. Safari hii hakungoja mlangoni.

"Shefu, simamisha malori sasa hivi. Daraja iko chini ya mayi."

Malori yakasimama, hakuna aliyeumia. Lakini alipofika nyumbani, mumewe Alimasi alikwisha kuambiwa kwamba mkewe anaamrisha wanaume mbele za watu. Constance, mwenzake wa chumba cha simu, akamshauri arudishe adabu yake. Cheo cha mkuu wa chumba cha simu, alichokingojea, akapewa Jeannot, mtu wa kufoka. Kwake kufoka kuliitwa msimamo.

Tangu hapo Amida akapunguza maneno. Allo. Ngoja. Sema. Haikupita miezi mingi akamsikia Yuma, mlango ukiwa wazi, akimwambia Jeannot kwamba mwanamke yule ana maringo siku hizi, hazungumzi na watu.

Taa ya simu ikawaka. Amida akachomeka waya kwenye ubao wa simu, akafungua kinywa, asijue atoe sauti ipi. Mtu wa upande wa pili alikuwa anaita tu.